Kabla ya shetani kuna deni: ‘Chainsaw Man’ na moto wa Sachangwan

Kama bado hujatazama episodi ya kwanza ya Chainsaw Man, itafute kwanza halafu urudi, maana hapa namwaga mtama wote.

Anime hiyo ya studio ya MAPPA, iliyotokana na komiki za Tatsuki Fujimoto, ilianza kuonyeshwa Oktoba 2022. Wengi wenu mnaikumbuka kwa damu. Kijana Denji anakatwakatwa, anatupwa kwenye pipa la taka, kisha anafufuka na msumeno wa injini umemchomoza kichwani. Hapo ndipo mtu husema, “Hii ni noma.”

Lakini rudi nyuma kidogo. Kabla ya hiyo vita yote, episodi inakufanyia hesabu. Babake Denji amekufa na kumwachia deni la yakuza, wale majambazi wa Kijapani. Ili alipe, ameuza figo, jicho moja na hata korodani. Anawinda mashetani akiwa na Pochita, kijishetani chenye umbo la mbwa, na kila akilipwa wadai wanakata chao kwanza. Ndoto yake kubwa ni mkate uliopakwa jemu. Mtu kama huyo utamtisha na shetani gani?

Hapo ndipo nataka tuongee kuhusu Sachangwan.

Ukipanda barabara kuu kutoka Nakuru kwenda Eldoret, unapita hapo upande wa Molo. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka mahali hapo. Watu wakafika na ndoo na mitungi kuchota mafuta. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine waliungua vibaya kiasi kwamba hata jamaa zao hawakuweza kuwatambua.

Tangu siku hiyo utasikia neno moja likirudiwa: tamaa. Eti walijua petroli inawaka, wakaenda tu. Sasa angalia kalenda. Mwezi huohuo wa Januari, Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la kitaifa, Wakenya takriban milioni 10 wakihitaji chakula. Molo nayo ilikuwa imetoka tu kwenye ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliwaacha watu bila nyumba na bila mashamba. Mtungi mmoja wa petroli hapo si utajiri. Ni unga, labda na karo kidogo.

Sisemi kila aliyekuwa hapo alikuwa na njaa. Ajali yoyote Kenya huvuta watu, wengine huja kutazama tu. Lakini ukimwita Denji mjinga kwa kuuza figo, hujaelewa episodi. Alijua hatari vizuri kuliko wewe unayetazama kwa simu. Aliiweka kwenye mizani na deni, na deni likawa zito.

Ndiyo maana woga peke yake haujatosha. Kama ungetosha, Sachangwan ingekuwa ya mwisho. Mwaka uliofuata, Julai 2010, ikawa Sange, mashariki mwa Kongo, zaidi ya watu 200 wakafa. Agosti 2019 ikawa Morogoro, Tanzania. Julai 2021 ikarudi Kenya, Malanga kule Siaya. Kila mara ni lori, mitungi, moto, rambirambi za viongozi, kisha kimya.

Kitu kimoja ukiweke akilini, kwa sababu siku moja unaweza kuwa kwenye matatu iliyokwama hapo. Huhitaji kugusa petroli ndipo ikuue. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa kwenye mitaro na mabonde. Cheche ya pikipiki inayowashwa mbali kidogo inatosha. Kwa hivyo usisogee kurekodi video. Toka mbio, upande wa juu, na uwavute wenzako.

Lakini kazi kubwa si yako. Polisi wanafaa kufika na kufunga eneo mapema, kabla mitungi haijafika. Na zaidi ya hapo, kuna swali la njaa ambalo utepe wa polisi hauwezi kulifunga.

Mwisho wa episodi, Makima anatokea. Anampa Denji chaguo: auawe kama shetani, au awe mali yake na alishwe. Denji anasikia kuhusu kiamsha kinywa na basi, ameshakubali. Watu hucheka hapo. Mimi naona ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote, kwa sababu kijana ametoka kwa mdai mmoja akaingia kwa mwingine, na bei yake ilikuwa mkate.

Ukikutana tena na klipu ya lori limepinduka na watu wanakimbia na mitungi, kabla ya kuandika “wajinga” kwenye maoni, jiulize bei ya unga wiki hiyo ilikuwa ngapi.