Zomeeni, lakini msimuite mvivu

Haya wadau, leo siasa tuiweke kando. Nataka kuzungumzia drafti, na simaanishi ile ya vizibo vya soda pale kijiweni. Namaanisha drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono kuliko miguu na bado wenyewe wanauita futiboli. Najua wengi wenu hamuufuatilii. Vumilieni kidogo, maana ndani yake kuna ubishi mtamu kama huu wetu wa Simba na Yanga, na kuna jambo moja linaniudhi ambalo leo nitalisema.

Kwa wasiojua: timu za kule haziendi chuoni na mfuko wa hela kumgombea kijana. Kila Aprili zinapanga foleni, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inatangulia, na kila moja ikifika zamu yake inachagua mtu wake, raundi 7. Kijana hachagui pa kwenda. Kwa hiyo shabiki wa timu mbovu, ambaye tangu Septemba anakula vipigo, anapata miezi kadhaa ya kuwa bosi. Timu yake ndiyo iliyo mbele kwenye foleni. Kuanzia Januari anabishana kazini, anabishana nyumbani, na ubishi unaochukua muda mrefu kuliko wote, kwa ninavyoona mimi, ni wa mlinzi wa pembeni.

Huyu ni nani? Kwenye mstari wa mbele wa ulinzi wanasimama watu watatu au wanne, majitu. Wale wa pembeni kabisa, kushoto na kulia, ndio ninaowasema. Kazi yao ina sura mbili. Ya kwanza inaonekana: kumzunguka jitu jingine lenye kilo 140 na kumfikia kwotabeki, yule mpiga pasi, kabla mpira haujamtoka mkononi. Muda alionao ni kama sekunde 3. Akimwangusha mpira ukiwa bado mikononi, uwanja unalipuka na takwimu inaandikwa. Sura ya pili haionekani. Ni kuziba pembe ili mkimbiaji wa wapinzani asipite nje, arudi katikati kwenye msongamano akadakwe na mtu mwingine. Anayeandikwa ni yule aliyedaka. Na mlinzi akiwa hatari sana wapinzani wanamwekea watu wawili, hapo ndiyo kabisa: jina lake halisikiki jioni nzima, wakati mwenzake wa upande wa pili anavuna.

Sasa mwambie shabiki achague baina ya vijana watatu wa kazi hiyo kwa kuangalia takwimu. Patamu hapo.

Chukueni Houston. Hakuna mji ninaoujua uliobishana sana juu ya walinzi wa pembeni kama ule. Msimu wa 2005 Texans walishinda mechi 2 na kupoteza 14, wakapata chaguo la kwanza la mwaka 2006. Mezani alikuwepo Reggie Bush, mkimbiaji wa USC aliyekuwa ametoka kuchukua tuzo ya Heisman. Alikuwepo Vince Young, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Texas, mtoto wa Houston hapo hapo, ambaye tarehe 4 Januari 2006 aliiongoza Texas kuifunga hiyo hiyo USC ya Bush 41-38. Mji ukagawanyika mafungu mawili. Fungu la tatu lilikuwa dogo, likisema Mario Williams, mlinzi wa pembeni kutoka North Carolina State. Usiku wa kuamkia drafti uongozi ukakubaliana na huyo wa tatu: miaka 6, dola milioni 54. Mashabiki wakazomea.

Uongozi haukuwa umelewa. Kundi lao lilikuwa na Indianapolis ya Peyton Manning, mtu waliyelazimika kukutana naye mara mbili kila msimu, na mpaka siku ile Texans hawakuwa wamewahi kuifunga Indianapolis hata mara moja. Halafu nani alijua thamani ya kuangusha kwotabeki kuliko watu wa Houston? Wa kwao, David Carr, aliangushwa mara 76 katika msimu wa 2002, rekodi ambayo hakuna aliyeitamani.

Lakini mwaka wa kwanza Williams, akicheza na maumivu ya mguu, aliangusha 4.5 tu. (Hiyo nusu msiishangae, wawili wakimwangusha mtu mmoja wanagawana.) Vince Young akachukuliwa na Tennessee, na tarehe 10 Desemba 2006 alirudi Houston, mechi ikaenda muda wa ziada, akakimbia yadi 39 na mpira mwenyewe mpaka mwisho wa uwanja. 26-20. Jiwekeni kwenye kiti cha shabiki wa Texans jioni ile, halafu mniambie msingezomea.

Mwaka uliofuata Williams aliangusha 14, na 2008 akaangusha 12. Young alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi msimu wa 2011. Bush alipata pete ya ubingwa na New Orleans mwezi Februari 2010, ila hakuwa yule mkimbiaji wa ajabu aliyetabiriwa. Tangu hapo waandishi wenzangu wa michezo wa kule wamekuwa wakiwacheka mashabiki wale kila Aprili: mnaona, hamjui mpira.

Mimi siwacheki. Mkimbiaji tegemeo wa Houston wakati ule, Domanick Davis, alikuwa na goti bovu, na baada ya msimu wa 2005 hakucheza tena hata mechi moja. Aliyesema tunahitaji mkimbiaji alikuwa na hoja. Tena ule uwanja wa Houston sehemu yake kubwa ulijengwa kwa fedha za umma, kodi za hoteli na za magari ya kukodi, baada ya timu ya zamani ya mji huo, Oilers, kufungasha virago kwenda Tennessee. Mtu aliyewahi kuhamishiwa timu yake akaachwa na uwanja mtupu ana haki ya kupiga kelele. Azomee mpaka akauke koo.

Na wataalamu wenyewe wanakosea vilevile, tofauti ni kwamba wao wanalipwa. Kila mwaka wanawakusanya vijana Indianapolis, wanawapima urefu wa mkono, wanawapima kilo, wanawakimbiza yadi 40 kwa saa ya kuhesabu mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Bado mwaka 2011 timu 10 zilimpita J.J. Watt. Huyu alikuwa ameacha ufadhili wake Central Michigan, akawa anapeleka piza majumbani, kisha akaingia Wisconsin kwa gharama zake. Houston walipomchukua katika nafasi ya 11, mashabiki wakazomea tena! Mwaka 2012 aliangusha 20.5, na tuzo ya mlinzi bora wa ligi akaibeba mara tatu. Au Ezekiel Ansah, kijana wa Ghana aliyekwenda kusoma Brigham Young na hakuwa amewahi kuugusa mchezo huu mpaka 2010. Mwaka 2013 Detroit walimchukua wa 5. Hayo hayapimwi kwa tepu.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi.

Tarehe 1 Januari 2013 Jadeveon Clowney wa South Carolina alimpiga kikumbo mkimbiaji wa Michigan, kofia ikaruka, mpira ukaanguka, akaudaka kwa mkono mmoja. Ile picha iliizunguka dunia. Siku ile angeweza kuchaguliwa wa kwanza, lakini sheria ya NFL inataka kijana apitishe miaka mitatu tangu amalize sekondari, naye alikuwa na miwili. Watu wakaanza kumshauri asicheze msimu wa 2013, ajilinde, maana goti moja likienda mamilioni yote yameenda. Hakusikiliza, alicheza. Wapinzani wakamwekea watu wawili au wakapeleka mpira upande asiokuwepo. Mwaka uliotangulia alikuwa ameangusha 13, safari hii akamaliza na 3.

Na ubishi wa mashabiki ukabadilika sura. Haukuwa tena Clowney au Khalil Mack, ambao ni ubishi halali kabisa (Mack alichaguliwa wa 5, na 2016 akawa mlinzi bora wa ligi). Ukawa: Clowney mvivu. Anajitunza. Hana moyo. Mtu mzima aliyekaa kwenye kochi na bakuli la bisi anamhukumu kijana wa miaka 20 ambaye hakuwa halali kulipwa mshahara, wala kuuza jina lake mwenyewe, huku chuo kikijaza uwanja kwa ajili yake. Ruhusa ya wachezaji wa vyuo kutengeneza fedha kwa majina yao ilikuja Julai 2021. Bush yule yule niliyemtaja aliirudisha Heisman mwaka 2010 kwa sababu ya fedha na nyumba ambavyo familia yake ilipata akiwa chuoni, na alirudishiwa 2024, dunia ilipokuwa imebadilika.

Kubishana juu ya uwezo wa mchezaji ni raha, na ni kazi ya shabiki. Kubishana juu ya roho ya kijana usiyemjua, anayebeba hatari peke yake bila mshahara, hapana. Sisi wa magazeti tunalijua hili vizuri: takwimu ikishuka unatafuta sababu uwanjani, unahesabu ni mara ngapi aliwekewa watu wawili. Ukikosa muda wa kuhesabu, unaandika kwamba amelewa sifa. Ni rahisi, na haina gharama kwa mwandishi.

Houston walimchukua Clowney wa kwanza Mei 2014. Mechi yake ya kwanza, Septemba 7, goti likaumia. Msimu ule alicheza mechi 4 tu, na Desemba akapasuliwa. Lile lile aliloonywa alijilinde lilimkuta akiwa tayari na mkataba. Lingemkuta miezi kumi nyuma, wale waliomwita mvivu wangeshasahau jina lake.

Alirudi. Alichaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi kwa misimu mitatu mfululizo, 2016 mpaka 2018. Mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 32, alikuwa Dallas, bado anafukuza makwotabeki.

Naomba kuwasilisha. Na ninyi mngekuwa Houston Aprili ile ya 2006, mngemchukua nani? Msiniambie Williams kwa sababu mmeshasoma matokeo hapo juu.