Bahari Iliyopigwa Kufuli Mapema

Jumapili iliyopita mpwa wangu, ambaye yuko shule ya sekondari, alinijia na ramani ya dunia mkononi. "Mjomba," akaniuliza, "huku juu kabisa kweupe ni kwa nani?" Nikamwambia ni barafu tupu. Hakuridhika, na kwa kweli hilo lilikuwa jibu la mtu anayetaka kuachwa asome gazeti lake.

Basi nikaliweka gazeti chini. Katikati ya Bahari ya Aktiki, nje ya zile maili 200 ambazo kila nchi ya pwani ina haki ya kuvua, kuna eneo la kilomita mraba milioni 2.8 hivi lisilo la nchi yoyote. Miaka yote hiyo barafu ndiyo iliyokuwa bawabu wa hapo. Lakini dunia inazidi kupata joto, barafu inapungua, na mwishoni mwa majira ya joto sehemu kubwa hubaki maji matupu. Na palipo na maji, nyavu haziko mbali.

Wanaojua hatari yake ni wale walioshuhudia Bahari ya Bering, kusini ya hapo. Nako kuna kipande kisicho na mwenyewe, kilichozungukwa pande zote na maji ya Marekani na Urusi. Wavuvi walikibandika jina la tundu la donati. Katika miaka ya themanini, meli za Japani, Korea Kusini, Poland, China na Muungano wa Kisovieti zilikivamia kufuata samaki aina ya poloki. Mwaka 1989 zilitoa takriban tani milioni 1.4. Miaka mitatu tu baadaye zilipata kama tani 10,000. Uvuvi ukasimamishwa mwaka 1993, mkataba ukatiwa sahihi 1994, lakini samaki hawajarudi kwa wingi hadi leo. Majuto ni mjukuu, wala mjukuu huyo hakuja na samaki.

Safari hii wakubwa walijaribu kuwahi. Tarehe 3 Oktoba 2018, mjini Ilulissat, Greenland, Marekani, Urusi, Kanada, Norway, Denmark, Iceland, China, Japani, Korea Kusini na Umoja wa Ulaya walikubaliana kwamba meli zao hazitavua kibiashara katika eneo hilo la kati hadi wanasayansi wajue kuna samaki gani na wangapi. Ujuzi wa wenyeji, kama Wainuit, nao lazima uzingatiwe. Zingatia, msomaji: hapakuwa na meli hata moja iliyokuwa ikivua huko. Ni nadra sana serikali kukatazana jambo ambalo bado halijaanza.

Mkataba ulianza kufanya kazi Juni 2021. Miezi minane baadaye Urusi ikaivamia Ukraine. Baraza la Aktiki, lile la nchi nane lililoundwa Ottawa mwaka 1996, likakwama, kwani wanachama saba walikataa kuketi na Urusi. Mimi ningedhani mkataba wa samaki nao ungezama. Haukuzama. Novemba 2022 wenye mkataba walikutana Korea Kusini, Warusi na Wamarekani wakiwemo, wakazungumza habari za utafiti.

"Na ni nani anayelinda?" mpwa wangu akauliza. Hakuna polisi wa bahari kuu. Kila nchi huzichunga meli zinazopeperusha bendera yake. Nchi ambazo hazikutia sahihi hazifungwi. Tena mkataba una miaka 16 ya kwanza, kisha huongezwa mitano mitano, mradi asitokee mwanachama hata mmoja wa kupinga.

Alihesabu kwa vidole. Miaka hiyo 16 itatimia mwaka 2037.

"Mjomba, mimi nitakuwa na miaka ishirini na sita," akasema, kisha akaikunja ramani yake.