Wapeni waendesha baiskeli barabara, walau Jumapili moja kwa mwezi

Jumapili ya Septemba 28, 2025, jiji la Kigali lilizuia magari katika barabara zake kuu na kuwaachia waendesha baiskeli. Ilikuwa siku ya kilele cha Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, na mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufika Afrika tangu yaanzishwe Copenhagen mwaka 1921. Wanaume walikuwa na kilomita 267.5 mbele yao, na vilima vilivyofikisha jumla ya mita 5,475 za kupanda, pungufu kidogo tu ya urefu wa Mlima Kilimanjaro. Walioanza walikuwa zaidi ya 160. Waliomaliza ni 30, wa kwanza wao akiwa Tadej Pogačar wa Slovenia.

Ni rahisi kuyapima mashindano yale kwa medali, watalii na vyumba vya hoteli. Kuna kipimo kingine, nacho kinawahusu zaidi waendesha baiskeli wa ridhaa. Hao ndio walioandaliwa mashindano ya Copenhagen, kwa kuwa mwaka ule wa 1921 hakushindana mtu wa kulipwa hata mmoja. Kipimo hicho ni barabara yenyewe. Kigali imeonyesha kwamba jiji la Afrika Mashariki linaweza kuwaondolea waendesha baiskeli magari njiani, na maisha yakaendelea. Klabu za ridhaa za Tanzania, Kenya na Uganda zinastahili kutendewa hivyo, kwa ukubwa mdogo zaidi lakini kwa ratiba isiyoyumba: kila mkoa, kaunti au wilaya, Jumapili moja kwa mwezi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu.

Wanachama wa klabu hizi wanafahamika. Ni mwalimu wa sekondari, fundi wa baiskeli, karani wa benki, muuza duka, mwanafunzi wa chuo. Siku za kazi huamka alfajiri, wakazunguka kilomita 30 au 40 kabla jua halijawa kali, kisha wakaenda kuwahi kazini. Siku ya mashindano hujisajili, hubandika namba mgongoni, hukagua breki na mnyororo, wakaweka mfukoni tyubu ya akiba na ndizi mbili. Halafu filimbi inapulizwa, nao wanaingia katika barabara ileile yenye mabasi ya mikoani, malori ya mchanga na bodaboda zinazotokea kila kichochoro.

Hapo ndipo mchezo wenyewe unapoharibika, na sababu ni ya kiufundi.

Mbio za baiskeli za barabarani ni mchezo wa upepo. Anayetangulia ndiye anayeukata, na aliyejibanza nyuma ya gurudumu lake anaweza kuokoa takriban theluthi ya nguvu zake. Kwa hiyo washindani huenda kwa kundi, gurudumu kwa gurudumu, wakipokezana mbele. Ndani ya kundi kuna elimu nzima: kuonyesha shimo kwa mkono ili wa nyuma walikwepe, kupiga kona bila kumsukuma jirani, kuteremka kilima kwa kasi bila kushika breki kwa woga, kutambua ni lini mpinzani amechoka na ni lini anajifanya kuchoka. Elimu hiyo haipatikani kwa kufanya mazoezi peke yako. Hupatikana katika mashindano, tena mengi.

Sasa liweke kundi la watu 40 katika barabara iliyo wazi. Basi linapolipita, wote hujibana ukingoni, kwenye mchanga na lami iliyomeguka. Mmoja akiyumba, kumi wanaanguka. Kwenye makutano kundi hukatika: waliotangulia wamevuka, waliobaki wanasubiri lori lipite, na mshindi anapatikana kwa bahati ya foleni. Waandaaji wenye busara hulijua hilo, ndiyo maana wengi huyapeleka mashindano mbali na mji, mahali ambapo hakuna mtazamaji, hakuna gari la wagonjwa na hakuna kijana wa kuvutiwa kujiunga. Timu ya soka isiyo na uwanja hatuishangai inapofungwa. Klabu ya baiskeli isiyo na barabara tunaishangaa.

Usalama nao si jambo la kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo ikilinganishwa na idadi ya watu. Zaidi ya nusu ya wanaokufa duniani ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Mzazi anayemkataza binti yake kujiunga na klabu anaijua barabara hiyo vizuri, na ana haki ya kuogopa.

Hasara ya kukosa uwanja inaonekana wazi katika historia ya Kenya. David Kinjah, mmoja wa waendesha baiskeli mashuhuri wa nchi hiyo, aliigeuza nyumba yake ya mabati huko Kikuyu kuwa shule ya vijana, klabu ya Safari Simbaz. Miongoni mwa watoto aliowafundisha kufunga spoki na kupanda vilima vya Kiambu alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Mwaka huohuo alitaka kushindana katika Mashindano ya Dunia ya vijana mjini Salzburg, na kwa kuwa hapakuwa na ngazi ya kumfikisha huko, alijisajili mwenyewe kwa kutumia barua pepe ya kiongozi wa chama cha baiskeli. Kufikia mwaka 2008 alikuwa akishindana kwa leseni ya Uingereza. Aliyoyafanya baadaye yanajulikana: ushindi wa Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Mwaka huohuo wa 2008, Nicholas Leong kutoka Singapore aliwachukua Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, mmoja akiwa mbeba abiria kwa baiskeli na mwingine mpiga viatu rangi, akawapeleka Alpe d'Huez, kilima cha Ufaransa chenye kona 21 ambacho kila shabiki wa Tour anakifahamu. Nderi alikipanda kwa takriban dakika 42, muda wa kuheshimika kwa mtu yeyote na wa ajabu kwa mtu ambaye hakuwahi kukiona. Mapafu yalikuwepo, na miguu pia. Kilichokosekana ni mamia ya mashindano ambayo kijana wa Ubelgiji au Italia huwa ameyapitia kabla hajafika miaka 20, mengi yake yakiwa ya klabu za mitaani kwao, katika barabara zilizofungwa kwa asubuhi moja.

Suleiman Kangangi wa Eldoret aliliona pengo hilo na kulifanyia kazi. Alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, kisha akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyoleta mashindano nyumbani kwa wachezaji ambao viza za Ulaya ziliwapiga chenga kila mara. Mbio za Migration, zinazopita njia za changarawe za Maasai Mara tangu mwaka 2021, ni sehemu ya kazi hiyo. Kangangi alifariki Agosti 2022, akiwa na miaka 33, baada ya kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani. Hoja aliyoisimamia imebaki: vijana wa ukanda huu washindane kwao kwanza, tena na tena.

Rwanda ilifika ilikofika kwa njia hiyo. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988 ikiwa mashindano ya ridhaa. Mwaka 2007 Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushindana katika Tour de France, alianza kuwafundisha vijana wa nchi hiyo. Mwaka 2009 mashindano yakaingia katika kalenda ya kimataifa. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti akashindana katika Olimpiki ya London, na mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kuishinda Tour ya nyumbani tangu ipate hadhi ya kimataifa. Kila mwaka watoto wa shule walipanga mstari kandokando ya lami wakitazama kundi likipita. Tangu mwaka 2016 Kigali pia imekuwa na siku za kutembea bila magari, ambapo Jumapili asubuhi barabara huachiwa watu wanaokimbia, kutembea na kuendesha baiskeli. Jiji lililoyakaribisha mashindano ya 2025 lilikuwa limezoea kwa karibu miaka 10 kuiona lami ikitumika bila injini.

Cape Town inatoa funzo jingine, la klabu na raia wenyewe. Mwaka 1977 mamia ya waendesha baiskeli waliandamana mjini humo wakidai njia za baiskeli. Mwaka uliofuata, ili dai lao lisisahauliwe, wakaandaa mbio, na washiriki wakawa 525. Mbio hizo bado zipo. Leo ni kilomita 109 kuzunguka rasi, kupitia Chapman's Peak, na washiriki ni makumi ya maelfu: madaktari, wapishi, wastaafu, baba na binti kwenye baiskeli moja ya viti viwili. Barabara za rasi nzima hufungwa siku hiyo, na mapato huenda kwa chama cha waendesha baiskeli na klabu ya Rotary ya Claremont kwa kazi za jamii. Mwaka 2017 upepo ulipovuma hadi kuwabwaga watu na baiskeli zao, waandaaji walisitisha mbio papo hapo. Mamlaka ya namna hiyo hutokana na utaratibu uliojengwa kwa miongo.

Wapo watakaosema baiskeli za mashindano ni ghali, na mchezo huu ni wa wenye fedha. Kanda ya Ziwa imeshalijibu hilo. Katika mbio za Mwanza zilizodhaminiwa na kampuni ya simu ya Vodacom mwishoni mwa miaka ya 2000, wakulima na wabeba mizigo wa Shinyanga na vijiji vya jirani walishindana kwa baiskeli zilezile nyeusi zinazobeba gunia la mahindi sokoni, zisizo na gia, baada ya kuzivua kapu na kifuniko cha mnyororo. Wanawake walikuwa na mbio zao, na watu wenye ulemavu zao. Usukumani na Tabora baiskeli haijawahi kuwa chombo cha tajiri. Kinachotakiwa ni madaraja yanayoeleweka: daraja la baiskeli za gia, daraja la baiskeli za kawaida, la wanawake, la vijana wa chini ya miaka 18.

Wengine watauliza nani atavumilia barabara kufungwa. Hoja yao ina uzito. Kigali ilifunga hata shule kwa wiki nzima ya mashindano, na hakuna mji wa kawaida unaoweza kumudu hilo kila mwezi. Lakini klabu hazihitaji jiji zima. Mbio za mzunguko, kilomita tano au sita zinazorudiwa mara kumi, hutosha. Mzunguko mfupi unalindwa na askari wachache, gari moja la wagonjwa linaufikia wote kwa dakika chache, na mama lishe aliye pembeni anauza chai na vitumbua kwa watazamaji wanaoliona kundi likipita mara kumi. Saa tatu kamili magari yanarudi, kanisa halijachelewa na soko halijakosa wateja.

Isitoshe, kufunga barabara si jambo geni kwetu. Moshi imefanya hivyo kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon tangu mwaka 2003. Nairobi iliwaruhusu wanariadha kukimbia juu ya Expressway mwezi Mei 2022, hata kabla magari hayajaanza kuilipia. Polisi wanajua kuelekeza magari pembeni, halmashauri zinajua kutoa vibali, na wananchi wanajua kusubiri wanapoarifiwa mapema. Wakimbiaji walipewa heshima hiyo kwa sababu waliiomba kwa mpangilio na wakaonyesha matokeo.

Nchi tatu za ukanda huu zinatumia fedha nyingi kwa viwanja vya soka kwa ajili ya AFCON ya 2027, na ni sawa zifanye hivyo. Uwanja wa waendesha baiskeli umeshajengwa na kulipiwa: ni lami iliyo chini ya wakala za barabara kama TANROADS na TARURA za Tanzania, na mamlaka za kaunti. Kinachodaiwa ni ratiba, vizuizi, kofia ngumu kwa kila mshiriki na saini ya ofisa husika.

Kazi ya kwanza ni ya klabu zenyewe. Klabu za mji mmoja zikae pamoja, badala ya kila moja kuandaa mbio zake ndogo kwa kujificha, zichague mzunguko mmoja na kuuchora kwenye ramani: makutano yote, idadi ya askari wanaohitajika, njia mbadala ya magari na mahali pa gari la wagonjwa. Zipeleke barua moja kwa mkuu wa usalama barabarani, halmashauri na chama cha taifa cha baiskeli, zikiomba tarehe 12 za mwaka mzima kwa pamoja, ili mfadhili na mzazi wajue mapema. Kisha waombwaji wajibu kwa maandishi, na wakikataa waeleze ni makutano yapi yanawatia shaka, ili mzunguko urekebishwe na ombi lirudishwe mezani mwezi unaofuata.