Nyarubanja ya Mtandao

Jioni moja ya likizo iliyopita nilikuwa Buhembe, pembezoni mwa mji wa Bukoba, nyumbani kwa dada yangu. Mpwa wangu, anayesomea stashahada ya kompyuta, alikuwa barazani na daftari lake akijiandaa kwa mtihani. Aliyataja matabaka saba ya mawasiliano ya kompyuta kwa sauti, kama mtoto anayehesabu miezi ya mwaka: la vifaa, la kiungo, la mtandao, la usafirishaji, la kikao, la uwasilishaji, la matumizi. Nikamuuliza kwa nini ni saba, si matano wala tisa.

"Mjomba, ndivyo tulivyoandikiwa ubaoni."

Baadaye akashika simu ili atafute maelezo zaidi, lakini ukurasa ukagoma kufunguka. Kifurushi alichokuwa amenunua asubuhi kilikuwa cha mitandao ya kijamii tu. Ujumbe wa WhatsApp uliingia bila taabu, kitabu hakikuingia. Mnara ni uleule na mawimbi ni yaleyale. Kilichotofautiana ni ruhusa tu. Nikajiuliza kama kijana huyu, aliyetoka kuyakariri matabaka yote saba bila kukosea, ametambua kwamba kilichomzuia ni jambo lililomo ndani ya daftari lake. Hakuwa ametambua. Lawama hiyo siwezi kumtupia yeye, kwa kuwa sisi walimu ndio tunaofundisha matabaka kana kwamba yaliteremshwa kutoka mbinguni.

Hayakuteremshwa. Yalizaliwa katika ugomvi wa madaraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi wa Ufaransa, Louis Pouzin, alijenga mtandao wa majaribio ulioitwa CYCLADES. Wazo lake lilikuwa jepesi na la hatari: mtandao ubebe vifungu vidogo vya data, alivyoviita datagramu, pasipo kuahidi lolote zaidi, kazi ya kuhakikisha kwamba kila kitu kimefika salama iachiwe kompyuta zilizo kwenye ncha mbili. Kwa idara za posta na simu za Ulaya, zilizokuwa zikimiliki nyaya zote, wazo hilo lilikuwa sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba kazi yake ni kufagia njia tu. Idara hizo zilitaka akili yote ya mawasiliano ikae katikati, mikononi mwao, na mwaka 1976 zikapitisha kanuni yao ya X.25. Fedha za CYCLADES zilikatwa kabla muongo haujaisha.

Mradi ulikufa, wazo likavuka bahari. Mwezi Mei 1974 Wamarekani Vint Cerf na Robert Kahn walichapisha itifaki moja ya kuunganisha mitandao isiyofanana, na mwaka 1978 itifaki hiyo ikapasuliwa mara mbili: TCP ya kuhakikisha, IP ya kubeba tu. Mpasuko huo, kwa maoni yangu, una uzito kuliko michoro yote tunayoichora ubaoni, maana ndio uliompa mbebaji haki ya kutojua anachobeba. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ukahamia rasmi kwenye itifaki hizo.

Na yale saba? Hayo ni ya kamati. Shirika la Kimataifa la Viwango lilianza kuyajadili mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya uenyekiti wa Charles Bachman, ambaye timu yake katika kampuni ya Honeywell ilikuwa tayari na mchoro wa matabaka saba. Kampuni za kompyuta ziliiogopa IBM, iliyokuwa na mfumo wake tangu 1974. Serikali ziliogopa kumezwa na Marekani. Idara za simu ziliogopa kupoteza ufalme. Kila mmoja alitaka mpaka uchorwe mahali pasipomuumiza. Kiwango kilitoka mwaka 1984, kinene na chenye heshima, wakati ambapo wenzao wa TCP/IP walikuwa wanatumia chao. Kamati ilishinda darasani. Mtandao unaotembea umeshikwa na wale wengine, ambao kwa kawaida huhesabu matabaka manne.

Watu wa Kagera hawahitaji kwenda Paris ili kuelewa habari hii. Kibanja cha Mhaya ni matabaka: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, maharage ardhini. Kila kimoja kinamtegemea mwenzake bila kumwingilia. Lakini wazee wetu walijua pia nyarubanja. Mkama aliweza kumpa mtu wake eneo ambalo watu wengine walikwishalima, na tangu siku hiyo waliolima wakawa batwarwa, wakimtolea bwana mpya sehemu ya kilichoota kwa jasho lao. Bwana hakupanda mgomba hata mmoja. Aliishika ardhi, basi. Utaratibu huo ulivunjwa kwa sheria katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru.

Nasema kifurushi cha mpwa wangu ni nyarubanja. Mwenye mnara ameshika tabaka la chini na kwa nguvu hiyo anachagua kitakachoota juu. Hata neno "ofa" lisitupumbaze. Anayeweza kukuuzia WhatsApp kwa bei nafuu na kukufungia kitabu, lazima kwanza atazame pakiti zako zinakwenda wapi.

Ajabu ni kwamba sheria zetu zinayajua matabaka. Mwaka 2005 Tanzania iliacha leseni za mtindo wa zamani, za simu peke yake na utangazaji peke yake, ikagawa leseni kwa mafungu manne: miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi, na maudhui. Ulikuwa uamuzi wa kisasa kuliko wa nchi nyingi tajiri, na naupongeza. Kasoro ni kwamba kampuni moja inaweza kushika leseni za mafungu kadhaa, hivyo kuta zikabaki kwenye karatasi. Kisha serikali yenyewe ikaanza kuruka kuta. Kanuni za maudhui za mwaka 2018 zilimtaka mwandishi wa blogu alipe leseni na ada zilizofikia shilingi milioni 2.1. Oktoba 2023 wananchi wakatakiwa kuzisajili VPN wanazotumia. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa: ugomvi wa tabaka la juu kabisa, la maneno, ukatatuliwa kwa kukata la chini, ambalo linabeba pia biashara, masomo na salamu za wagonjwa.

Jirani zetu ng'ambo ya Mutukula wametuachia funzo. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 zake kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Wananchi wakakimbilia VPN, yaani wakaifunga pakiti ndani ya pakiti ili mbebaji asione inakokwenda. Mwaka 2021 serikali ikafuta kodi hiyo, ikaweka ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Mimi siipendi kodi hiyo ya pili, inamuumiza maskini. Ila angalau haiulizi unaongea na nani, na mamlaka inayotafuta mapato inaweza kuyapata bila kuchungulia.

Usiku ule nilichora matabaka saba kwenye daftari la mpwa wangu, pembeni nikaandika yale manne ya leseni, nikamwomba aonyeshe kifurushi chake kimekaa wapi. Alifikiri kwa muda mrefu, kalamu ikitangatanga kati ya safu mbili, kisha akasema, "Mjomba, hiki kimekaa mahali pawili." Swali hilo nimeliweka katika mtihani wangu wa muhula ujao, na nimelipa alama nyingi kuliko la kuyataja yote saba.