Umetuma vitu vitatu, amerudi na kimoja: si ujinga, ni umri

Mtoto wa miaka minne ametumwa dukani kununua chumvi, kiberiti na sabuni ya kipande. Anarudi na kiberiti tu, chenji kaikumbatia kiganjani. Akiulizwa vingine viko wapi, anatazama chini. Katika nyumba nyingi, kuanzia Chikongola mjini Mtwara hadi Msimbati na Kilambo karibu na Mto Ruvuma, kinachofuata ni kofi, au maneno: “Huyu mtoto hana akili kabisa.”

Maneno hayo si kweli, na yana gharama. Mtoto anayeyasikia kila siku huingia darasa la awali akiwa tayari anaamini kwamba yeye ni mzito. Mwalimu akiuliza swali, hanyanyui mkono. Wakati mwingine kosa halikuwa lake: alibebeshwa mzigo mkubwa kuliko umri wake.

Kichwa cha mtoto hubeba kiasi gani?

Kuna kumbukumbu ya kushika jambo kwa muda mfupi huku ukilifanyia kazi. Ndiyo inayotumika mtu anapotumwa. Wataalamu huipima kwa kumtajia mtoto tarakimu au maneno, kisha kumtaka ayarudie kwa mpangilio uleule. Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida hurudia mawili au matatu. Wa miaka mitano hufika kwenye manne hivi. Mtu mzima hurudia kama saba.

Hapo mtoto amekaa ametulia. Njiani kwenda dukani mambo ni mengine. Anakwepa baiskeli, anaona wenzake wakicheza rede, anafika kwa mwenye duka na kukumbuka kwanza adabu: “Shikamoo babu.” Anaitikiwa: “Marahaba mjukuu wangu, umetumwa nini?” Wakati huo sabuni imeshapotea kichwani.

Ubongo wa mtoto hukua haraka sana. Anapofika miaka mitano, ukubwa wake ni karibu asilimia 90 ya ubongo wa mtu mzima. Lakini sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayosaidia kushika maagizo, kujizuia na kupanga, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayesahau akiona mpira hafanyi makusudi. Breki zake bado zinatengenezwa.

Kutumwa ni shule

Hiyo haina maana kwamba asitumwe. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili kutoka Marekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya. Waliwauliza wazazi mtoto mwenye akili ni yupi. Neno lililotumika ni ng'om, na wazazi walimweleza kama mtoto anayejua kazi inayotakiwa nyumbani na kuifanya bila kusimamiwa. Walitofautisha akili hiyo na akili ya darasani.

Wazazi wa pwani ya Kusini hawatashangaa kusikia hivyo. Mtoto anayefuatana na mama yake ufukweni maji yakikupwa hujifunza saa ya kwenda, mahali pa kukanyaga na wakati wa kurudi kabla maji hayajajaa. Hayo ni kukumbuka, kulinganisha na kuamua, ingawa hakuna daftari.

Kinachotakiwa ni kumpa mtoto mzigo unaolingana na umri wake:

Miaka miwili: jambo moja, ndani ya nyumba. “Niletee kikombe.”

Miaka mitatu hadi minne: mambo mawili yanayofuatana. “Chukua ndoo, kampe dada.”

Miaka mitano hadi sita: vitu viwili au vitatu, kwa jirani au duka linaloonekana kutoka mlangoni. Si ng'ambo ya barabara yenye bodaboda, si usiku, na kamwe asitumwe sigara wala pombe.

Kabla hajaondoka, arudie mwenyewe: “Umetumwa nini?” Ahesabu kwa vidole. Aambiwe pia vitu hivyo ni vya nini: chumvi ya mchuzi wa samaki, kiberiti cha kuwashia moto. Kitu chenye maana hukaa kichwani kuliko jina tupu.

Akisahau, swali husaidia kuliko kofi: “Ulipofika ulisema nini kwanza? Tulitaka kupika nini?” Mara nyingi jibu litarudi. Mtoto anayesubiri kupigwa huwaza kipigo, na nafasi ndogo aliyonayo kichwani inajaa hofu.

Mazungumzo ya jioni

Kumbukumbu nyingine ni ya mambo yaliyopita. Watu wazima wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi. Sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio ilikuwa bado inajengwa, na maneno ya kuyaeleza yalikuwa machache. Hata hivyo, miaka hiyo haikupotea. Ndipo mtoto alipojifunza sauti za watu wake, lugha na kuamini kwamba akilia atapokelewa.

Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto wanaoulizwa maswali ya wazi kuhusu siku yao hukumbuka mambo kwa undani zaidi kuliko wanaoulizwa ya “ndiyo” au “hapana”. Badala ya “Ulifurahi kwa bibi?”, mzazi aulize: “Mlifanya nini kwa bibi? Nani mwingine alikuwepo? Kwa nini mbuzi alikimbia?” Kisha asubiri. Mtoto mdogo huchukua muda kupanga jibu.

Vitendawili na hadithi za bibi hufanya kazi hiyohiyo. Mtoto anayeitikia “Tega!” anashika maelezo kichwani huku akitafuta kinachofanana nayo. Iwe kwa Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kiswahili, hakuna hasara. Lugha anayoijua vizuri bibi ndiyo atakayoitumia kwa utajiri zaidi.

Simu haiwezi kuchukua nafasi hiyo, kwa kuwa katuni haisubiri jibu la mtoto. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Akili inakaa kwenye mwili

Mtoto mwenye usingizi mdogo hukumbuka kidogo, kwa sababu aliyojifunza mchana huhifadhiwa vizuri anapolala. Wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Malaria nayo ni tishio kubwa mkoani Mtwara. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, takribani mtoto mmoja kati ya watano wa chini ya miaka mitano mkoani humo alikutwa na vimelea. Mkoa huo ulikuwa wa pili baada ya Tabora. Uganda, katika Hospitali ya Mulago, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Miezi sita baadaye, takribani mmoja kati ya watano alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Ndiyo maana homa ya mtoto haingojwi hadi kesho. Apimwe siku hiyohiyo, na alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

Upungufu wa damu huwapata zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, na hupunguza umakini. Ugali wa muhogo peke yake hautoshi. Uongezwe dagaa, samaki, kunde, mbaazi au kisamvu, na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Tena, chumvi. Pwani ya Mtwara na Lindi ina wazalishaji wadogo wengi, na chumvi ya shambani inaweza kuuzwa bila madini joto. Ukosefu wa madini hayo, hasa wakati wa ujauzito, hudhoofisha ukuaji wa ubongo wa mtoto. Anayetumwa dukani aambiwe kabisa: chumvi yenye madini joto.

Lini aende kliniki

Mtoto apelekwe akifika mwaka mmoja na nusu bila neno hata moja, miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au miaka mitatu bila kuelewa agizo rahisi. Asingojewe hata siku moja akipoteza kitu alichokuwa anakiweza, kama kuongea au kutembea. Masikio yanayotoa usaha yatibiwe mapema, kwa maana wengi wanaoitwa wasahaulifu au wakaidi hawasikii vizuri.

Mpango wa taifa wa malezi na makuzi ya mtoto, uliozinduliwa Desemba 2021, unahesabu mambo matano kwa mtoto hadi miaka minane: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema, na ulinzi. Manne kati ya hayo huonekana katika safari moja ya dukani: mtoto aliyelala bila kuumwa na mbu, aliyekula akashiba, aliyepewa kazi anayoiweza, na anayejua kwamba akirudi na kimoja badala ya vitatu, ataulizwa kwa upole kisha atatumwa tena.