Raba za Mpira wa Kikapu: Mguu Kwanza, Jina Baadaye

Siku hizi mlangoni pa madrasa tunaona raba nyingi za mitindo ya kale ya mpira wa kikapu. Hatuna ugomvi nazo. Kila rika lina pambo lake. Lakini tunawaona pia baadhi yenu mkishazivua mnakaa kusugua vidole, na wazazi wenu wametoa fedha nyingi kuzinunua.

Ifahamike kwamba raba hizi hazikukusudiwa kutembelewa kutwa. Converse All Star ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1917, watu wachezee mpira kwenye sakafu ya mbao. Chuck Taylor, ambaye jina lake limo katika ile nembo ya kifundoni, alikuwa mchezaji aliyegeuka muuzaji wa viatu hivyo. Air Force 1 ilitoka mwaka 1982 na Air Jordan 1 mwaka 1985. Wakati huo zilikuwa ufundi mpya. Zinazotengenezwa leo aghalabu hufuata umbo lile lile, kwa hiyo anayenunua ananunua sura zaidi kuliko raha.

Kwa maoni yetu, All Star ndiyo inayofaa zaidi kwa joto, maana turubai ni jepesi. Ila soli yake ni bapa, na anayekwenda mbali kwa miguu kisigino kitamweleza. Tena ni ndefu lakini nyembamba: wengi huchukua nusu namba chini ya kawaida yao, na mwenye wayo mpana hubanwa ubavuni hata hivyo. Kuongeza namba hakuongezi upana wa kutosha. Huongeza tu nafasi mbele ya vidole.

Air Force 1 ina soli nene yenye mfuko wa hewa kisiginoni, na vidole hupata nafasi. Anayesimama sana ataipenda, lakini ni nzito na ngozi yake huchemsha mguu. Air Jordan 1 ya shingo ndefu ndiyo ngumu kuliko zote ikiwa mpya, na hukwaruza kifundo mpaka ilainike. (Kamba zake nazo! Tunawajua wanaochelewa kwa sababu hiyo.)

Mkienda dukani, nendeni jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi mtakazovaa. Simameni wima, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Wazazi hupenda kuzidisha namba mbili ili mtoto "akue nacho". Tunaelewa nia yao, lakini kisigino kikicheza ndani hufanya malengelenge. Namba moja yatosha.

Na wanaonunua mitumba wakunje kiatu kwanza kabla ya kulipa. Gundi iliyokauka huachia soli baada ya siku chache, hata kama ngozi ya juu bado inang'aa.