Inazunguka, Lakini Haiwaki

Mwezi huu mambo ya moyo tunayaweka pembeni kidogo, tunafungua boneti. Ukiondoa simu na mawifi, sijaona kitu kinachogombanisha wanandoa vijana kama gari la kwanza. Mmejinyima pamoja, mmeliagiza Japan pamoja, ushuru mmelipa pamoja. Halafu Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, mmeshapendeza, unageuza ufunguo: nyi-nyi-nyi-nyi. Inazunguka tu, haiwaki. Na sentensi ya kwanza kusikika ndani ya gari ni, "Si wewe uliyeliendesha jana?"

Subirini kugombana. Sikilizeni kwanza huo mlio, maana una habari. Kama injini inazunguka kwa kasi yake ya siku zote, basi stata ni nzima na betri inatosha kuizungusha. Anayekuambia ukanunue betri mpya hajasikiliza. Na wale majirani wema wanaojikusanya kusukuma? Kusukuma ni kufanya kwa mikono kazi ya stata, na stata yenyewe ipo kazini. Kwa gari la otomatiki ndiyo kabisa, mtatoa jasho la bure. Ila injini ikizunguka kwa kujikokota, kivivu, hapo betri bado ni mtuhumiwa.

Injini ya petroli (dizeli ina mambo yake) inataka mafuta, cheche na hewa iliyoshindiliwa vizuri, kila kimoja kwa wakati wake. Kazi yenu ni kujua kipi kimekosekana kabla pochi haijafunguliwa.

Anzeni na mafuta, na msione haya. Mshale wa geji hudanganya, hasa gari likilala kwenye mteremko. Sisi watu wa "niwekee ya elfu kumi" tujue pia kwamba pampu ya petroli hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli hiyo hiyo, kwa hiyo kutembea na taa ya mafuta ikiwaka kila wiki kunaifupishia maisha. Mmoja akae nyuma karibu na tangi, redio imezimwa, mwenzake ageuze ufunguo. Mlio mwembamba wa sekunde mbili tatu ndiyo pampu hiyo. Toyota nyingi hazitoi mlio huo mpaka stata ianze kuzunguka, kwa hiyo msikilize hatua zote mbili.

Kimya? Bado msinunue pampu. Nina rafiki aliyeolewa juzi juzi. Gari lilimgomea mumewe akiwa safari mkoani, kwenye simu wakaishia kulaumiana. Gereji moja ya jirani ikambadilishia plagi. Wapi. Ikamuuzia pampu. Wapi. Ikaanza kuitazama kompyuta ya gari kwa macho ya tamaa. Siku ya tatu mume akarudi, akapeleka mkono chini ya usukani, akabonyeza kitu, gari likawaka. Alikuwa amefungiwa swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu, kwa ajili ya wezi, na mkewe hakuwahi kuambiwa. Bila shaka goti au mkoba uliigusa. Hela ya plagi na pampu ilitoka kwenye akiba ya kodi ya nyumba. Wiki nzima hawakusemeshana, na mimi nilikuwa upande wa mke.

Fundi makini angeshika testa kwanza aone kama umeme unafika kwenye pampu. Haufiki? Basi tatizo ni fyuzi, rilei, waya au swichi kama ile, na fyuzi ni bei ya soda. Unafika na pampu iko kimya? Hapo ndipo pampu inunuliwe.

Kama pampu inaunguruma, tumieni pua. Harufu kali ya petroli baada ya kupiga stata mara kadhaa inaonyesha mafuta yanafika ila hayachomwi, na macho yahamie kwenye cheche, yaani plagi na koili. Pengine injini imelowa mafuta. Kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini, piga stata kwa sekunde chache. Magari mengi yenye nozeli za kompyuta hukata mafuta ukifanya hivyo, injini ikajikausha. Ila stata isizidi sekunde kumi kwa mkupuo, ipumzishwe, isije ikaungua.

Kuna lile gari linalowaka vizuri asubuhi, mkisimama dukani linagoma, likipoa linakubali. Hapo mimi hushuku sensa ya krenki. Isipoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, cheche haitoki, na mafuta mara nyingi hayapulizwi. Tazameni mshale wa mizunguko wakati wa kupiga stata. Kwenye magari mengi hutikisika kidogo, na ukilala kwenye sifuri, mwambieni fundi. Apime kwa kompyuta pia. Marekani imelazimisha soketi ya OBD-II kwenye magari madogo tangu modeli za 1996, na magari mengi ya Japan ya miaka ya 2000 yanayo. Ila kodi ikitaja sensa haimaanishi sensa imekufa. Waya uliokatika huleta kodi hiyo hiyo.

Taa yenye picha ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi, huenda mfumo wa kuzuia wizi haujautambua ufunguo wenu. Jaribuni ule wa akiba. (Uko wapi? Kwa nini ni mmoja tu anayejua?)

Jambo moja msilifanyie mzaha. Injini ikizunguka nyepesi, kwa kasi kuliko kawaida, bila ile midundo yake, acheni stata papo hapo. Mkanda wa taimingi unaweza kuwa umekatika, na kwenye baadhi ya injini kila mnapozidi kuzungusha, pistoni zinaweza kuzipinda valvu. Injini zenye cheni, kama 1NZ-FE iliyomo kwenye IST nyingi, hazina mkanda huo, lakini mlio wa namna hiyo hata kwao ni wa kuita gari la kuvuta.

Mwezi ujao narudi kwenye michango ya harusi. Najua mnaisubiri.